Kikombe 0.7, Sahani Haijapimwa

Barua ya rufaa ilikuwa na mistari mitatu. Jicho la kulia, kikombe 0.7. Jicho la kushoto, kikombe 0.5. Presha ya macho, ameanzishiwa timolol. Aliyeileta ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miaka 47, ambaye alikuwa ameshatumia dawa hiyo miezi minne, tone moja asubuhi na moja jioni, macho yote mawili. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa. Hakuwa na shida ya kuona, ila miwani yake ya zamani haikumtosha tena. Kilichomleta ni hofu. Mama yake mzazi alipofuka uzeeni, kijijini, bila kupimwa na mtu yeyote, na tangu siku ile alipoambiwa ana presha ya macho, mwalimu alijiona ameshika njia hiyohiyo.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Utafiti uliofanyika wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma, yaani ugonjwa huo wa presha ya macho, kwa watu 4 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Ugonjwa huu hauumi, na sehemu ya uwezo wa kuona ikishapotea hairudi. Kwa hiyo simlaumu mwenzangu aliyeandika barua ile. Aliona kikombe kikubwa, akaona macho mawili hayalingani, akaogopa kumwacha mgonjwa arudi nyumbani mikono mitupu. Ninachotaka kukionesha ni kwamba namba zake mbili hazikuwa mbaya, ila namba ya tatu, ambayo ndiyo yenye uamuzi, haikuwepo kabisa: ukubwa wa sahani yenyewe.

Kwa wasioshinda na mashine hizi: nyuma ya jicho, nyuzi za fahamu zaidi ya milioni moja kutoka kwenye retina, utando unaopokea mwanga, hukusanyika na kutokea kwenye tundu moja kwenda ubongoni. Tundu hilo tukilitazama kupitia mboni tunaona duara la rangi ya chungwa iliyopauka. Hiyo ndiyo sahani ya neva. Katikati yake pana bonde jeupe, kikombe. Nyama ya rangi iliyobaki kati ya kikombe na mpaka wa sahani ni ukingo, na ukingo ndio nyuzi zenyewe. Glakoma huzila nyuzi, ukingo hupungua, kikombe hupanuka. Tangu miaka ya 1960, daktari wa macho Armaly alipoeneza desturi ya kulinganisha kipenyo cha kikombe na cha sahani, tumekuwa tukiandika namba moja ya desimali kwenye faili na kudhani tumemaliza.

Sasa chukua fungu moja la chelewa za ufagio. Lipitishe kwenye pete ndogo, litajaa pomoni. Fungu lilelile, bila kupunguza hata kijiti kimoja, lipange likizunguka ukuta wa pete pana: katikati patabaki uwazi. Jicho nalo ni hivyo. Mwenye sahani kubwa huzaliwa na kikombe kikubwa, na mwenye sahani ndogo anaweza asiwe na kikombe chochote. Tofauti hizo si ndogo. Jonas na wenzake, huko Erlangen, Ujerumani, walipima macho mazima na kuchapisha matokeo mwaka 1988: eneo la sahani lilianzia milimita za mraba 0.80 hadi 5.54, karibu mara saba. Na huko Baltimore, Marekani, sahani za watu weusi zilionekana kuwa kubwa kuliko za weupe kwa takriban asilimia 12 kwa wastani. Anayesoma vitabu vilivyoandikwa kwa macho ya Ulaya kisha akaingia kliniki ya Morogoro au Mwanza atakutana na vikombe vikubwa kila wiki.

Basi nikampima mwalimu sahani. Nilimpima kwa njia zote nilizokuwa nazo, na hapo ndipo kisa kinapokuwa na utajiri, kwa sababu njia hizo hazikutoa namba moja.

Kwanza ofthalmoskopu ya mkononi, kifaa cha kutazamia ndani ya jicho, kile kilicho katika kila wodi. Kifaa hiki ni mjukuu wa kile alichokibuni Helmholtz mwaka 1851, na bado kinapima sahani vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye aina tunayoitumia sana kuna tundu la mwanga la pembe ya nyuzi (digrii) 5. Jicho la kawaida likichukuliwa kuwa na umbali wa milimita 17 hivi kutoka mahali miale inapopishana hadi kwenye retina, nyuzi 5 hutoa duara la mwanga lenye kipenyo cha karibu milimita 1.5. Unaliweka duara kando ya sahani, kisha juu yake, unalinganisha. Hupati namba, unapata jibu la ndogo, sawa, au kubwa. Jicho la kushoto la mwalimu, sahani ilizidi duara kidogo tu. La kulia ilitokeza juu na chini waziwazi. Dakika mbili, bila umeme wa ukutani. Kama barua ile ingekuwa na mstari wa nne unaosema "sahani ya kulia ni kubwa kuliko ya kushoto," habari yote ingebadilika hapohapo.

Pili, taa ya slitilampu, ile hadubini ya mezani yenye mwanga mwembamba, na lenzi ya mkononi. Mgonjwa ameweka kidevu, mboni imetanuliwa kwa dawa. Unaupunguza mwanga uwe mwembamba na wima, unauelekeza moja kwa moja bila pembe, kisha unaufupisha kwa kitasa mpaka uguse ncha ya juu na ya chini ya sahani, upande wa ndani wa ile pete nyeupe ya sklera, ukuta mweupe wa jicho. Unasoma urefu kwenye kipimo cha taa. Lakini namba hiyo si milimita za jicho, ni milimita za taswira, na kila lenzi ina kizidisho chake. Lenzi ya diopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 78 huzidishwa kwa takriban 1.1, ya 90 kwa takriban 1.3. Ya 60 hukaribia 1 au hupungua kidogo, kutegemea kiwanda.

Hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Siku ya kwanza nilitumia lenzi ya 90 kwa sababu ndiyo iliyokuwa mfukoni. Nilisoma 1.6 kulia na 1.3 kushoto, nikaandika "1.6" na "1.3" kwenye faili bila kuzidisha na bila kutaja lenzi. Faili lingesomwa na mtu mwingine, sahani ya kulia ingekuwa ya kawaida na ya kushoto ingekuwa ndogo. Aliporudi wiki iliyofuata nilirudia kwa lenzi ya 78 nikapata 1.9 na 1.6. Nikashangaa sahani zimekua vipi kwa wiki moja. Hazikukua. Ukizidisha 1.6 kwa 1.33 unapata 2.13, na 1.9 kwa 1.1 unapata 2.09. Kushoto, 1.73 na 1.76. Lenzi mbili zilikuwa zinakubaliana kabisa, mwandishi wa faili ndiye aliyezigombanisha.

Kwa mapana, mwanga umelazwa, nilisoma 1.6 kulia na 1.5 kushoto kwa lenzi ya 78. Upande huu ulihitaji uangalifu, maana jicho la kulia lina mwezi mweupe wa kutoona mbali, alama kama hilali kando ya sahani, upande wa panja, na asiyezoea huuhesabu kuwa sehemu ya sahani. Daktari mwanafunzi tuliyekuwa naye aliuingiza akapata 2.1. Mwezi ule si sahani. Tukizidisha urefu kwa upana kama duara lililobonyea, eneo lilikuwa milimita za mraba 2.89 kulia na 2.28 kushoto.

Kikombe nacho nilikisoma upya. Mimi niliona 0.65 kulia na 0.5 kushoto, nikifuata mikunjo ya mishipa ya damu, siyo weupe. Tofauti ya 0.2 ya barua ikawa 0.15 kwangu. Je, nani yuko sahihi? Swali hilo lina jibu la kunyenyekesha, na limepatikana karibu na kwetu. Huko Nakuru, Kenya, watafiti walilinganisha picha za sahani zilizopigwa kwa simu yenye kifaa maalumu na zile za kamera kubwa ya mezani, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Kwa wastani njia mbili zilipishana kwa 0.02 tu, jambo jema sana kwa vijiji visivyo na kamera. Lakini kwa jicho moja moja, zingeweza kupishana hadi karibu 0.2 upande huu au ule. Hizo ni picha zilizopimwa kwa utulivu na wasomaji waliofunzwa. Basi tofauti ya 0.2 kati ya macho mawili, iliyokadiriwa mara moja kwa ofthalmoskopu kupitia mboni ambayo haijatanuliwa, haiwezi peke yake kumfunga mtu na dawa ya maisha.

Njia ya tatu ilikuwa picha. Kamera yetu haijui milimita, inajua nukta tu, kwa hiyo kwa ukubwa halisi haisaidii. Inachoweza ni uwiano. Umbali kutoka katikati ya sahani hadi katikati ya makula, sehemu ya retina inayoona kwa ukali zaidi, ukiugawa kwa kipenyo cha wastani cha sahani, makosa ya ukuzaji hujifuta yenyewe kwa sababu yako juu na chini ya mgawanyo. Kulia nilipata 2.4, kushoto 2.7. Uwiano ukiwa mdogo, sahani ni kubwa. Ushahidi wa tatu, upande uleule.

Mashine ya OCT, inayotumia mwanga kupiga picha za tabaka za retina, tunaiazima katika kituo kingine, na mwalimu alilazimika kusafiri. Niliona inafaa kwa kuwa alikuwa anaamua kuhusu dawa ya miaka. Karatasi ilirudi na rangi zake za kijani, njano na nyekundu. Eneo la sahani: 2.52 kulia, 1.98 kushoto. Eneo la ukingo: 1.36 kulia, 1.39 kushoto. Unene wa tabaka la nyuzi: wastani maikromita 84 kulia, 95 kushoto, na kulia palikuwa na kipande cha njano.

Mtu akiweka karatasi hii kando ya vipimo vya taa atasema mashine imepunguza, au mimi nimeongeza. Macho yote mawili OCT ilitoa eneo dogo kwa karibu asilimia 13. Sababu ni kwamba hatupimi mpaka mmoja. Mimi nilifuata mpaka unaoonekana kwa jicho, pete ya sklera. Mashine hutafuta mahali utando wa Bruch, ulio mwembamba chini ya retina, unapokoma, ndani ya tabaka, ambapo macho yangu hayafiki. Kazi za Reis, Chauhan na Burgoyne, zilizotoka mwaka 2012, zilionesha wazi kuwa mpaka tunaouona na mwisho wa utando huo mara nyingi si kitu kimoja. Kuna mashine nyingine ya leza, HRT, ambayo hapo mpimaji mwenyewe ndiye huchora mpaka, ikaongeza hukumu ya mkono wa mtu. Namba za mashine moja hazihamii kwenye nyingine. Hilo ningependa kila kliniki ilibandike ukutani.

La pili kuhusu karatasi ile ndilo lililonichukua jioni nzima. Jicho la kulia la mwalimu linahitaji lenzi ya −5.50, la kushoto −0.75. Urefu wa macho, kwa kipimo cha biometria: milimita 25.9 na 23.8. Mashine yetu haikuambiwa urefu huo. Huchukulia kila jicho lina milimita 24.46. Jicho refu huonesha vitu vidogo kuliko vilivyo, jicho fupi huonesha vikubwa. Kanuni ya Bennett na wenzake ya mwaka 1994 inasaidia: toa 1.82 kwenye urefu wa jicho na kwenye ule 24.46 wa mashine, linganisha. Kulia, 24.08 kugawa kwa 22.64 ni 1.064. Kushoto, 21.98 kugawa kwa 22.64 ni 0.971. Kwa eneo unazidisha kila namba kwa yenyewe, yaani 1.131 na 0.943.

Sahani ya kulia ikawa 2.85, ya kushoto 1.87. Pengo ambalo karatasi ilionesha kuwa robo hivi likawa nusu nzima. Ukingo ukawa 1.54 kulia na 1.31 kushoto. Jicho lililoshukiwa, lenye kikombe kikubwa, ndilo lenye ukingo mwingi zaidi. Nilirudia hesabu mara tatu kabla ya kuamini. Vipimo vya taa navyo havikurekebishwa kwa urefu wa jicho, na vilikosea upande uleule: sahani ya kulia ni kubwa hata kuliko nilivyoiandika.

Na ile njano? Mashine hupima unene wa nyuzi kwenye duara la milimita 3.46 kuzunguka sahani. Kwenye jicho refu duara hilo huanguka mbali zaidi, hapa karibu milimita 3.68, na nyuzi hupungua unene kadiri unavyoondoka kwenye sahani. Tena kwa wasioona mbali vilele vya unene huhamia upande wa panja, mashine ikaona bonde pasipo na ugonjwa. Sisemi njano ipuuzwe. Nasema isisomwe kabla ya kujua urefu wa jicho.

Kuna kipimo kimoja ambacho wengi wetu hatukitumii na ninakipigania: ngazi za DDLS za daktari Spaeth, yaani ngazi za uwezekano wa sahani kuwa imeharibika, zilizochapishwa mwaka 2002. Hakiulizi kikombe ni kikubwa kiasi gani. Kinauliza mahali ukingo ulipo mwembamba kabisa una upana gani ukilinganishwa na sahani, kisha kinakulazimisha useme sahani ni ndogo (chini ya milimita 1.5), ya kati, au kubwa (zaidi ya 2). Kulia, ukingo mwembamba kabisa ulikuwa 0.15. Kwa sahani ya kati hiyo ni ngazi ya 4, kwa sahani kubwa ni ya 3. Kushoto, 0.22 kwenye sahani ya kati: ngazi ya 3. Macho mawili ambayo barua iliyatenganisha kwa 0.2 yakasimama ngazi moja. Na angalia kosa langu la siku ya kwanza: kwa ile 1.6 isiyozidishwa, jicho la kulia lingebaki ngazi ya 4 na la kushoto, kwa 1.3, lingeangukia kundi la sahani ndogo. Kizidisho kilichosahauliwa kingeandika upya utambuzi.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Pembe za macho zilikuwa wazi. Unene wa konea, kioo cha mbele ya jicho, maikromita 532 na 528. Presha kwa tonometa ya Goldmann, akiwa kwenye dawa, 13 na 13. Hapo huwezi kusema chochote, kwa kuwa dawa ndiyo inayozungumza, hivyo tulisimamisha timolol wiki nne tukapima tena: 16 na 15. Uwanja wa kuona wa kwanza haukuaminika, alikuwa anahamisha macho. Wa pili na wa tatu ulikuwa safi pande zote.

Nilipomweleza, alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo daktari, mimi sina presha ya macho?"

Nikamjibu, "Mwalimu, leo sioni glakoma. Lakini mama yako alipofuka hatujui kwa nini, na jicho lako la kulia ni refu, na hivyo vyote viwili ni sababu ya kukuangalia kila mwaka. Dawa tunaiacha. Miadi hatuachi."

"Miezi minne nimekuwa nikipumua kwa tabu nikipanda ngazi za darasani," akasema. "Nilidhani ni uzee."

Hakuwahi kuambiwa kuwa timolol huingia mwilini na inaweza kubana kifua na kupunguza kasi ya moyo. Wiki nne bila dawa, ngazi zilikuwa zimerudi kuwa ngazi. Hili halikuwa sehemu ya upimaji wa sahani, lakini kwangu ndilo lililofanya upimaji wa sahani uwe na uzito. Namba iliyokosekana ilikuwa imemgharimu pumzi.

Nilimjibu mwenzangu kwa barua ndefu kidogo kuliko yake. Niliandika: lenzi ya 78, kizidisho 1.1, sahani ya kulia wima 2.09, ya kushoto 1.76, vikombe 0.65 na 0.5, DDLS 3 na 3, urefu wa macho 25.9 na 23.8, na picha mbili. Alinipigia simu siku iliyofuata kuuliza namna ya kutumia lile duara la nyuzi 5, kwa sababu kliniki yake haina slitilampu.

Mwaka umepita. Mwalimu alirudi mwezi uliopita. Lenzi ileile, taa ileile: 1.9 na 1.6. Presha 16 na 16, uwanja safi, picha mpya juu ya ya zamani hazina mshipa uliohama. Safari hii alikuja na kaka yake, mtu mzima wa miaka 55, aliyeletwa kwa kushikwa mkono maana aliona hana shida yoyote. Miaka miwili nyuma aliwahi kuambiwa macho yake ni mazima, kikombe 0.5 pande zote. Nilimwamkia, nikamketisha, nikaufupisha mwanga. Ulisimama kwenye 1.3 kwa lenzi ya 78, yaani 1.43. Ukingo wa chini upande wa panja ulikuwa mwembamba kuliko wa juu. Uwanja wake wa kuona tumeupanga Jumatatu.